Homa Iliyoondoka na Masikio

Julai 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alimzika mkewe Rosine huko Mombasa, pamoja na mtoto wao mchanga. Walikuwa hawajamaliza hata miezi mitatu mjini, na homa iliyowaua ilikuwa imemlaza Krapf mwenyewe kitandani. Miaka miwili baadaye alipanda na mwenzake Johannes Rebmann hadi Rabai, kwenye vilima ambavyo siku hizi vimo ndani ya Kaunti ya Kilifi, wakitumaini kwamba upepo wa juu ungewapunguzia maradhi. Rebmann alikaa huko karibu miaka thelathini. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa haoni sawasawa, na hakuna anayesimulia habari zake bila kulitaja hilo.

Upofu huandikwa kwa sababu huonekana. Uziwi hauonekani, na ndiyo maana historia za homa katika pwani hii, kuanzia Rabai mpaka Malindi na Mambrui, zimejaa makaburi lakini hazisemi lolote juu ya masikio. Ukizisoma utadhani homa ilikuwa na njia mbili tu: mgonjwa afe au apone. Kumbe kulikuwa na njia ya tatu. Mtoto anazinduka baada ya siku tatu za kupoteza fahamu, anaomba uji kwa ishara, anasimama, anaanza kutembea tena, jirani wanakuja kutoa mkono wa heri. Kisha siku moja mama anamwita kutoka jikoni na mtoto hageuki. Anamwita tena. Anapiga sufuria kwa mwiko nyuma ya kichwa chake. Hapo ndipo nyumba nzima inapojua kwamba homa haikuondoka mikono mitupu.

Kwa vizazi vingi jambo hili lilikuwa na maelezo yake. Mtoto mwenye homa kali anayekakamaa na kugeuza macho ana degedege, na Wagiriama, kama Waswahili jirani zao, wamelihusisha na nyuni, ndege anayepita juu ya nyumba. Mtoto alipelekwa kwa mganga, akafukizwa, akafungwa hirizi. Akipona na kubaki kiziwi, basi nyuni kamwachia alama. Sioni sababu ya kuyacheka maelezo hayo. Waliyotazama waliyaona sawasawa: homa, degedege, kisha ukimya, vyote katika juma moja. Walichokosa ni njia ya kuona kilichokuwa ndani ya damu na ndani ya mgongo wa mtoto.

Hata dawa ya hospitali iliongeza utata. Kwinini, iliyotolewa kwenye gome la msinkona na wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, mwaka 1820, ndiyo iliyobeba matibabu ya malaria kali hapa kwetu mpaka juzi tu. Aliyewahi kutundikiwa dripu ya kwinini anajua masikio yanavyovuma na sauti za watu zinavyokuwa kama zinatoka chumba cha pili. Mara nyingi hali hiyo huisha dawa inapoisha mwilini. Lakini kwa sababu masikio ya kila mgonjwa wa malaria yalivuma, aliyebaki hasikii baada ya homa alidhaniwa kuwa bado ana kwinini mwilini. Mzazi aliambiwa angoje, na alingoja.

Mambo yalianza kubadilika Kilifi mwaka 1989. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoundwa miaka kumi kabla, ilifungua kituo cha utafiti ndani ya hospitali ya wilaya pamoja na wakfu wa Wellcome wa Uingereza. Norbert Peshu akawa mkurugenzi wa kituo, Kevin Marsh akawa nguzo ya utafiti wa malaria, na miongoni mwa waliokuja mapema alikuwako Charles Newton, daktari wa watoto aliyejishughulisha na ubongo. Hapakuwa na utukufu wowote mahali penyewe. Kilifi ulikuwa mji mdogo kando ya hori, na aliyetoka Malindi kwenda hospitali kuu ya Mombasa alivuka kwa feri, kwani daraja lilifunguliwa mwaka 1991. Ila wodi ya watoto ilijaa, na hilo ndilo lililowaleta watafiti.

Swali lao la kwanza halikuwa masikio. Lilikuwa uhai. Mtoto akiletwa hana fahamu, ana malaria ya ubongo au ana homa ya uti wa mgongo? Kwa nje magonjwa haya mawili hufanana mno, na pwani, ambako watoto wengi walitembea na vimelea vya malaria damuni bila hata kuumwa, kuviona vimelea kwenye kioo cha darubini hakukutosha kusema ndivyo vilivyomwangusha. Njia ya kujua ilikuwa moja: kuchoma sindano kati ya pingili za chini za mgongo na kutoa matone ya maji. Wazazi wengi waliiogopa sindano hiyo kuliko ugonjwa wenyewe, wakiamini kwamba ndiyo inayolemaza au kuua. Mtoto hulazwa ubavu, muuguzi humkunja magoti mpaka kifuani na kumshika asitikisike, daktari hupapasa mifupa kwa kidole kabla ya kuchoma. Maji ya mgongo ya mtu mwenye afya hayana rangi. Yakitoka na ukungu kama maji ya mchele, pale pale chumbani kila mtu anajua kwamba ni uti wa mgongo.

Na hapo ndipo masikio yalipojitokeza. Bakteria wa uti wa mgongo huvamia utando wa ubongo, lakini hawakai hapo. Maji yanayozunguka ubongo yana mfereji mwembamba unaofika sikio la ndani, kwenye koklea, ambamo vinyweleo visivyoonekana kwa macho hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa neva. Usaha na sumu ya uvimbe hupita kwenye mfereji huo na kuviharibu vinyweleo, mara nyingi katika siku za mwanzo kabisa za ugonjwa, pengine kabla mtoto hajafika hospitali. Vikifa havioti tena. Kwa hiyo mzazi aliyesafiri siku nzima kutoka Ganze au Marafa akafika mtoto akiwa hai, akatibiwa akapona, huenda masikio aliyaacha njiani.

Dawa nazo zilikuwa zinaanza kushindwa. Tiba ya kawaida ya uti wa mgongo wilayani ilikuwa penisilini na kloramfeniko, kwa kuwa zilikuwa rahisi na zilipatikana. Maabara ya Kilifi, kwa kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu na maji ya mgongo mwaka baada ya mwaka, iliona kati ya 1994 na 2002 jinsi bakteria mmoja hasa alivyozidi kuzizoea dawa hizo. Antibiotiki mpya iliyofaa zaidi, seftriaksoni, ilikuwapo duniani lakini bei yake wakati huo haikuwa ya hospitali ya wilaya. Kulikuwa pia na matumaini kwamba deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, ingeokoa usikivu, maana katika nchi tajiri ilionekana kusaidia. Jaribio la Blantyre, Malawi, lililohusisha watoto 602 na kuchapishwa mwaka 2002, lilikata matumaini hayo: waliopewa na wasiopewa walikufa na kupata ulemavu kwa kiwango kile kile. Labda watoto walifika wamechelewa mno, labda utapiamlo na virusi vya UKIMWI vilibadilisha hesabu. Vyovyote iwavyo, ilidhihirika kwamba sikio la mtoto wa huku haliwezi kuokolewa wodini. Lilipaswa kuokolewa kabla.

Huyo bakteria mmoja anaitwa Haemophilus influenzae, aina ya b, kwa kifupi Hib. Jina lake ni kosa la zaidi ya karne. Mwaka 1892 Mjerumani Richard Pfeiffer alimkuta kwa wagonjwa wa mafua makali akatangaza kwamba ndiye mwenye kuyaleta. Ilichukua mpaka 1933 kuthibitishwa kwamba mafua ya binadamu huletwa na kirusi, ila jina lilikwisha ganda. Kabla ya chanjo, Hib ndiye aliyeongoza kwa kuwapa watoto wa Marekani uti wa mgongo, na kwa hiyo uziwi. Chanjo yake yenye nguvu ilipewa kibali huko mwaka 1987, na kuanzia 1990 ikaanza kutolewa kwa watoto wachanga. Ndani ya miaka michache ugonjwa ukafutika katika wodi zao.

Kenya ilianza kuitoa Novemba 2001. Miaka kumi na moja, basi, tangu mtoto mchanga wa Marekani achomwe mpaka mtoto mchanga wa Takaungu achomwe. Tusiseme ni urasimu tu. Chanjo ilikuwa ghali, na walipaji walitaka ushahidi kwamba Hib ni tatizo Afrika. Ushahidi ulihitaji maabara za kuotesha bakteria. Na maabara za namna hiyo zilihesabika kwenye vidole. Ugonjwa usiopimwa huonekana kama haupo. Kilifi ilikuwa moja ya sehemu chache ambako ulipimwa: tangu Agosti 1998 kila mtoto aliyelazwa pale alitolewa damu ikaoteshwa, na matokeo ya miaka minne ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalionyesha kwamba bakteria walikuwamo katika damu ya zaidi ya robo ya watoto waliofia hospitalini. Wengi wa hao, pasipo maabara, wangeandikwa malaria.

Chanjo ilikuja imechanganywa na nyingine nne katika sindano moja ya paja, ikitolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Katika mwaka uliotangulia, Hib iliyoingia damuni au kwenye uti wa mgongo iliwapata watoto 66 katika kila 100,000 walio chini ya miaka mitano eneo la Kilifi. Mwaka 2004 ilikuwa imeshuka hadi 7.6. Hebu tuseme wazi takwimu hiyo inamaanisha nini kwa masikio: miongoni mwa madhara yanayobaki baada ya uti wa mgongo wa bakteria, kupungua au kupotea kwa usikivu ndilo linalotokea zaidi. Kila kisa kisichotokea ni uwezekano mmoja wa uziwi uliofutwa, bila mwenye sikio kujua.

Wakati takwimu za hospitali zikishuka, kundi jingine la watafiti lilikuwa likitembea vijijini. Tangu mwaka 2000 eneo linaloizunguka hospitali limekuwa likihesabiwa nyumba kwa nyumba, zaidi ya watu 200,000: waliozaliwa, waliokufa, waliohama. Ndani ya hesabu hiyo Victor Mung'ala-Odera na wenzake waliwatafuta watoto wa miaka sita hadi tisa waliokuwa na kasoro za neva. Walianza na dodoso fupi la maswali kumi linalotumika nchi nyingi, likaulizwa kwa lugha ya nyumbani, na moja ya maswali lilikuwa hili la mama na sufuria: mtoto wako anaonekana kuwa na shida ya kusikia? Watoto 10,218 walipitiwa. Waliotiliwa shaka, pamoja na baadhi ya wasiotiliwa, wakachunguzwa kwa kina.

Kumpima mtoto masikio kunahitaji subira, na kwa mdogo asiyezoea vifaa hugeuzwa mchezo. Anavalishwa vifaa vya kusikilizia, anapewa kokoto au vipande vya mbao na kikombe, anafundishwa kwamba akisikia mlio adondoshe kimoja. Mlio unapunguzwa hatua kwa hatua. Mpimaji mzoefu hatazami mkono, anatazama uso, kwa sababu mtoto anayetaka kumfurahisha mgeni hudondosha kokoto hata pasipo mlio.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalikuwa mazito. Kati ya kila watoto 1,000, 61 walikuwa na kasoro ya wastani au kubwa katika angalau jambo moja. Kifafa kiliongoza kwa 41, uwezo wa kufikiri ulifuata kwa 31, kisha kusikia kwa 14. Shida za viungo zilikuwa 5 na za macho 2. Yaani kwa kila mtoto aliyekuwa na tatizo kubwa la kuona, ambaye kijiji kizima kilimjua, kulikuwa na saba wenye tatizo la kusikia. Si wote walioharibiwa na maambukizi. Wapo waliozaliwa hivyo, wapo waliopata manjano kali uchangani, wapo ambao masikio yametoka usaha kwa miaka. Lakini wengi wa hao walikuwa wakihesabiwa kwa mara ya kwanza, na wengine waliitwa wakaidi au wazito wa akili mpaka siku hiyo.

Malaria nayo haikuachwa nje. Julie Carter, akifanya kazi na Newton pale Kilifi, aliwafuata watoto waliowahi kulazwa kwa malaria kali miaka kadhaa nyuma, akakuta karibu robo yao wana kasoro ya aina fulani, dhidi ya mmoja kati ya kumi kwa wale ambao hawakuwahi kuumwa hivyo. Lugha na kifafa ndivyo vilivyojitokeza sana. Masikio yalikuwamo pia. Upande wa dawa, Kilifi ilishiriki katika jaribio kubwa kuliko yote ya malaria kali kwa watoto, lililofanywa katika nchi tisa za Afrika na watoto 5,425, kulinganisha kwinini na atesuneti. Waliokufa kwa kwinini walikuwa asilimia 10.9, kwa atesuneti 8.5. Matokeo yalitoka mwaka 2010, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake. Lengo lilikuwa maisha, lakini lilikuja na faida nyingine: mvumo wa kwinini, uliowachanganya wazazi na madaktari kwa vizazi, ulianza kutoweka wodini. Siku hizi mtoto wa malaria akisema hasikii, hakuna tena kwinini ya kusingizia.

Wakati Hib akiwa ametiwa adabu, pneumokokasi alibaki, na kwa masikio yeye ndiye mbaya zaidi, kwani miongoni mwa bakteria wa uti wa mgongo ndiye anayeacha viziwi wengi zaidi kwa kila waliopona. Chanjo dhidi ya aina kumi za bakteria huyo iliingia katika ratiba ya Kenya Januari 2011. Kilifi ilifanyiwa jambo la pekee: badala ya kungoja wachanga wakue nayo, watoto wote wa chini ya miaka mitano walilengwa kwa kampeni ya chanjo. Watafiti Laura Hammitt, Anthony Scott na wenzao waliendelea kuhesabu. Ugonjwa mkali uliosababishwa na aina hizo kumi, uliokuwa ukiwapata watoto 60.8 katika kila 100,000 kwa mwaka, ulishuka hadi 3.2. Hiyo ni karibu asilimia 95. Yapo mambo machache katika historia ya afya ya pwani yaliyokwenda haraka hivyo, na hayakuwa na sherehe yoyote mitaani Malindi. Nani atamshangilia mtoto aliyesikia leo kwa kuwa hakuumwa jana?

Waliotangulia chanjo sasa ni watu wazima. Wengine walipita shule ya viziwi ya Kibarani, pale pale Kilifi, na wanazungumza kwa Lugha ya Ishara ya Kenya ambayo Katiba ya 2010, katika ibara ya 120, imeifanya moja ya lugha tatu rasmi za Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Elimu ya viziwi barani Afrika yenyewe inadaiwa sana na mtu aliyepotezwa masikio na ugonjwa huu huu. Andrew Foster, Mmarekani Mweusi wa Alabama, alipata uti wa mgongo mwaka 1936 akiwa na miaka 11, yeye na kaka yake, na wote wawili wakabaki viziwi. Alifungua shule yake ya kwanza Ghana mwaka 1957 na akaendelea kuanzisha nyingine, zaidi ya thelathini, mpaka alipokufa katika ajali ya ndege Rwanda Desemba 1987, mwaka ule ule chanjo ya Hib iliyofaa ilipopata kibali kwao.

Kazi haijaisha, na sehemu yake moja haiwahusu watoto peke yao. Mtu mzima anaweza kulala salama Watamu akaamka sikio moja limezima. Madaktari huita uziwi wa ghafla pale usikivu unaposhuka kwa desibeli 30 au zaidi ndani ya saa 72. Mara nyingi chanzo hakipatikani, ila miongoni mwa vinavyotafutwa ni virusi, kaswende na VVU. Matubwitubwi yanaweza kuzima sikio moja la mtoto moja kwa moja, na chanjo yake haimo katika ratiba ya taifa, ambayo inatoa ya surua na rubela tu. Tiba ya steroidi hufaa zaidi ikianza ndani ya wiki mbili za mwanzo, na wiki hizo mbili ndizo hasa zinazopotea: mtu hufikiri ni maji ya bahari au nta, akatia mafuta ya nazi ya vuguvugu, akaenda kwa duka la dawa, akapewa matone, akangoja.

Kwa upande wa uti wa mgongo, Aprili 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa dunia nzima kuhusu utambuzi na matibabu ya ugonjwa huo. Humo limo agizo ambalo mama wa Ganze angelitia sahihi miaka arobaini iliyopita: mgonjwa apimwe masikio kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na ikishindikana, ndani ya wiki nne. Haraka hiyo ina sababu ya kimwili. Baada ya uti wa mgongo koklea iliyoungua huanza kujaa mfupa, na ikishajaa, hata kifaa cha kupandikiza hakiwezi tena kupenyezwa.